Rudisha Nyuma Kidogo

Jumatatu, 4 Machi

Nimefungua kibanda. Mara ya kwanza tangu msiba. Cherehani imejaa vumbi mpaka kwenye sindano. Nimepangusa, nimetia mafuta, nikaikanyaga tupu kidogo kusikia kama bado inaitikia. Inaitikia.

Wateja wawili tu. Mmoja zipu, mmoja kupunguza gauni. Wote: pole, Mama. Mama, basi. Zamani mtaa mzima uliniita Mama Refa, hata wasiojua mpira ni wa duara. Tangu mwanangu aanze kuchezesha mechi za mtaa, jina likanikaa. Sasa wamelikata, kama waliokaa kikao wakakubaliana. Wanafanya kwa wema. Najua.

Nikapita kusalimia upande wa pili wa ukuta, kwa Kinyozi. Yuko vilevile, na televisheni yake ileile juu ya kioo. Walikuwa wanabishana nikiwa bado nje. Nilipotokea mlangoni — kimya! Mtu mmoja mkono wake ulikuwa hewani, akaushusha polepole kama anaweka yai.

Nikasema habari zenu. Wakasema nzuri. Nikarudi kwangu.

Jumanne, 5 Machi

Leo nimecheka. Naandika nisije nikasahau.

Ukuta wangu na wa Kinyozi ni mbao nyembamba. Nasikia hata mkasi. Yule muuza magodoro wanamwita Kipaza, maana anaongea kama anatangaza mkutano. Jana timu anayoishangilia kwenye televisheni ilifunga goli, likakataliwa na VAR, ile mitambo ya kurudisha picha. Wamechora mstari wakasema kwapa la mshambuliaji lilikuwa limeotea.

— Kwapa! Tangu lini kwapa likafunga goli?

Kinyozi akamwambia bega linaruhusiwa kufunga, na kwapa ndio mpaka wa bega.

— Basi wewe kinyozi kazi yako nini? Nenda ukawanyoe kabla ya mechi, wapungue!

Walicheka wote. Mimi nikacheka upande wangu, peke yangu, pini mdomoni. Nusura nizimeze.

Halafu fundi pikipiki, yule mrefu wa gereji, akasema bora hao wana mitambo, sisi fainali yetu Refa alitu—

Nilikuwa nimesimamisha cherehani kugeuza kitambaa. Nao wakasimama. Nikamsikia Kinyozi: shh, Mama yupo.

Nikaanza kukanyaga tena. Dakika si nyingi, nao wakaanza tena. Lakini wamerudi kwenye kwapa.

Kumbe ndivyo. Cherehani ikikimbia wanadhani sisikii. Mwanangu nilimlea chini ya sauti hii. Nilikuwa nasikia akigeuka kwenye mkeka.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefanya kitu cha ajabu. Nimekanyaga cherehani bila uzi, bila kitambaa, karibu mchana mzima. Mpita njia angesema huyu mama akili zimemruka.

Lakini nimesikia yote.

Wanabishania fainali ya mwaka jana, timu ya sokoni na timu ya gereji. Ndiyo mechi ya mwisho mwanangu kuchezesha. Mwezi haukuisha, homa ikamchukua. Mshambuliaji wa gereji alikuwa amebaki na kipa tu, beki wa sokoni akamkata miguu. Mwanangu akapiga filimbi, akatoa kadi ya njano. Gereji wakafungwa. Mpaka leo hawajameza.

Fundi anasema Refa aliona ni nyekundu. Mkono ulishakwenda mfuko wa nyuma kuichukua! Halafu wale wa sokoni wakamjia mbio, akabadili mawazo, akatoa njano kifuani. Aliogopa. Marehemu namheshimu, anasema, lakini aliogopa.

Kipaza ni wa sokoni. Anasema refa gani mwoga akachezesha fainali ile? Wewe hukuona, ulikuwa unalia!

— Sikuona? Ninayo hapa. Tazama mkono. Rudisha nyuma kidogo. Hapo! Unakwenda wapi ule mkono? Kujikuna?

Anayo. Kwenye simu. Picha inayokwenda.

Nikasahau kukanyaga. Wakanyamaza papo hapo.

Mimi nina picha zake za mgando. Ya kitambulisho, macho yamemtoka kama aliyeshtuliwa. Ya harusi ya binamu yake, kasimama nyuma ya keki, nusu ya uso. Na ile waliyoiweka kwenye jeneza. Zote amesimama tu. Sina hata moja anapotembea.

Ijumaa, 8 Machi

Nilikwenda. Nikajifanya nimetaka kubadilishiwa noti. Fundi alikuwa kwenye kiti cha kusubiri. Nikamwambia, baba, nasikia una video ya ile fainali.

Akatazama chini. Nilikuwa nayo, Mama, nimeifuta. Simu ilijaa.

Kinyozi akaanza kufagia nywele ambazo hazikuwepo.

Nikamwambia haya, hakuna neno. Nikarudi, nikakaa, nikakanyaga. Nikamsikia fundi: ningemwambiaje? Nimwonyeshe mama mtu mwanawe akiogopa? Nimemwambia nimeifuta.

Kipaza akamwambia umefanya vyema. Kwa mara ya kwanza wanakubaliana jambo, na jambo lenyewe ndilo hilo!

Siwezi kuwakasirikia. Wananifichia kama mtu anayemfichia mtoto kisu.

Jumapili, 10 Machi

Dada yangu amekuja kunisaidia na nguo za mwanangu. Anasema zikikaa hivi zinanizeesha. Tumekunja, tumetenga. Akaniuliza mbona suruali zake zote zimelika kalio la kulia tu, la kushoto zima?

Nikamwambia ni mkono. Tangu mdogo, akiwa na jambo zito la kufanya, alijipangusa kiganja nyuma kwanza. Kwenda ubaoni — anapangusa. Kuniambia amevunja kikombe — anapangusa, ndipo anasema. Kaptura za shule nilizitia kiraka palepale kila muhula. Mwalimu akadhani anaserereka kwenye mawe.

Nilikuwa nasema huku nakunja. Nikaacha kukunja.

Mkono wa nyuma!

Nikaitafuta kaptura yake ya urefa. Nyeusi. Niliishona mwenyewe, kitambaa kilichobaki kwenye sare za walinzi. Nikaigeuza, nikaigeuza tena. Haina mfuko wa nyuma. Sikuutia, kitambaa hakikutosha. Kadi zote mbili alikuwa anaweka kifuani, kwenye shati. Mfuko ule niliugawa kwa mshono katikati, njano huku, nyekundu huku, asije akakosea mbele za watu.

Hakwenda kuchukua kadi yoyote nyuma. Alikuwa anajipangusa kiganja. Mwanangu mimi.

Dada akasimama na kaptura mkononi, machozi na hasira pamoja. Kesho uipeleke! Uwatandikie mezani! Wanyamaze!

Nikasema ndiyo.

Ameondoka jioni. Nimebaki na lile neno lake. Wanyamaze.

Jumatano, 13 Machi

Mvua tangu asubuhi. Kinyozi hakufungua, ana mgonjwa kwao. Hakuna sauti ukutani. Kaptura iko kwenye mfuko wa plastiki chini ya cherehani. Sina wa kumpelekea.

Nimeshona mashuka mawili ya hospitali nikamaliza mapema. Nikakaa. Nyumbani ni vivi hivi, kibandani vivi hivi.

Nimewaza. Kwetu, jina lake halitajwi tena. Jirani akija anazungumza bei ya mkaa. Dada anasema "yule" au "marehemu". Mahali pekee ambapo mtu anasema Refa kafanya hivi, Refa kasimama pale, ni nyuma ya zile mbao. Wanamsema vibaya, sawa. Lakini wanamsema.

Ijumaa, 15 Machi

Umeme ulikatika. Televisheni ya Kinyozi ikafa, na mimi cherehani yangu ni ya miguu, nikaendelea. Kukosa cha kutazama, wakatoa simu. Nikasikia filimbi.

Filimbi yake. Alikuwa anaipiga mara mbili, fupi halafu ndefu, kama anayeita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Hakuna refa mwingine anayepiga hivyo.

Sikukohoa, sikubisha hodi. Niliingia. Fundi akaifunika simu kwa kiganja.

Nikamwambia: baba, usiifute. Nionyeshe.

Wakatazamana. Kinyozi akanipisha kwenye kiti chake kile cha kuzunguka, nikakaa kama mteja. Fundi akainama pembeni yangu. Mkono wake unanuka oili.

Ni fupi. Vumbi, watu, mtu anapiga kelele karibu na simu. Halafu anaingia kutoka kushoto. Anakimbia! Kichwa amekiinamisha upande, kama alivyokimbia akitumwa chumvi. Filimbi. Anasimama. Kiganja kinakwenda nyuma, kinapangusa, kinarudi. Halafu kifuani. Njano inainuka juu. Wale wa sokoni wanamfikia, yeye anawarudisha kwa mkono, taratibu, kama anafukuza kuku wa watu. Mwisho.

Fundi akasema nisamehe, Mama.

Nikamwuliza, yule aliyevaa kofia nyuma ya goli ni nani? Wa kofia hakunihusu. Nilitaka airudishe tu.

Akairudisha.

Mara ya tatu Kipaza akashindwa kujizuia. Unaona, Mama? Beki kaugusa mpira kwanza! Fundi akamrukia, mpira gani, kaugusa kwa goti la mwenzake? Kinyozi akasema jamani, jamani, mbele ya Mama. Nikamwambia waache, baba. Waache wabishane. Nimekuja kwa hilo.

Fundi alisema atanitumia. Nikamwonyesha simu yangu ya vitufe. Inapokea maneno tu.

Jumamosi, 16 Machi

Naandikia kibandani, juu ya meza ya cherehani. Ndiyo maana mwandiko umepinda.

Leo nimekwenda na mfuko. Usiku — basi, tuseme sikulala vizuri. Niliamua. Si haki mtoto alale kaburini na jina la uoga na mimi mama yake nina ushahidi kwenye plastiki.

Umeme umerudi, lakini televisheni waliiacha imezimwa. Walikuwa wameniwekea kiti! Kile cha kuzunguka, kimefutwa. Kulikuwa na mteja kanyolewa nusu kichwa, kaambiwa asubiri. Hakulalamika, naye ni wa gereji.

Wakaanza. Fundi mkono, Kipaza mpira. Fundi akasema tungekuwa na VAR hapa, refa angeitwa pembeni atazame skrini mwenyewe, atoe nyekundu yake. Kipaza akamwambia hata hao wenye skrini wanatazama dakika nzima na bado wanatukanwa. Yule mteja wa nusu kichwa akasema tatizo la VAR ni kwamba inaona mguu, haioni moyo. Kinyozi akamwambia tulia, wewe una upande mmoja tu wa akili leo.

Nilicheka. Wakaniona nacheka.

Ndipo fundi akanigeukia, akasahau yale makubaliano yao yote.

— Mama Refa, hebu amua wewe. Unamjua kuliko sisi. Ule mkono ulikwenda kufanya nini? Ukisema hakuogopa, nakuapia nafunga mdomo. Hawa wote wanafunga. Naifuta kweli, hatulizungumzi tena mpaka mwisho wa dunia.

Mama Refa. Muda umepita tangu niitwe hivyo.

Wakanisubiri. Mashine ya kunyolea imezimwa. Mfuko ulikuwa mapajani, vidole vyangu vinaupapasa upindo wa kaptura juu ya plastiki. Maneno yalikuwa tayari, nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri. Haina mfuko wa nyuma, baba. Tazama mwenyewe. Basi, ingekwisha.

Hatulizungumzi tena.

Nikasema sijaona vizuri. Rudisha nyuma kidogo.

— Tazama mkono, Mama!

— Usitazame mkono, tazama miguu ya beki!

Akaingia kutoka kushoto, kichwa upande. Tena. Na tena. Mpaka simu ya fundi ikazimika yenyewe, chaji imekwisha. Wameichomeka. Nimewaambia natazama kazi yangu mara moja, nitarudi kuamua.

Nawasikia ukutani. Wanasema Refa alikuwa na mbio yule. Kipaza anasema hakuwa mwoga, bwana. Fundi anasema nani kasema mwoga? Nimesema alisita.

Wiki iliyopita alikuwa mwoga. Leo amesita. Wakiendelea hivi mpaka wiki ijayo, sijui atakuwa nani.

Na dada atapiga simu jioni kuuliza kama nimewaonyesha.

Kinyozi anagonga ubao. Mama Refa, imewaka! Njoo umalize kesi!

Nimesema nakuja. Mfuko nimeurudisha chini ya cherehani, nikautoa, nimeuweka hapa mezani karibu na daftari. Naikanyaga tupu kidogo, wasikie nina kazi, waendelee kwanza kubishana.