Mjusi Wangu ni Spishi Kamili, Nitamwambiaje Mzee Sumari?

Mama Sia, shikamoo. Naomba unishauri kabla sijaharibu jambo zuri kuliko yote niliyowahi kufanya, maana nina furaha mpaka naiogopa, na nyumbani mume wangu Loserian amechoka kunisikiliza.

Kazi yangu ni kutunza wanyama waliokufa zamani na kuhifadhiwa kwenye chupa za spiriti, na miaka mitatu sasa nimekuwa nikimchunguza mjusi wa kisiwa kimoja kidogo cha Ziwa Viktoria, mjusi ambaye hayupo tena, msitu wake ulifyekwa, paka wakaletwa, na mara mbili tumekwenda kule tukapekua chini ya kila jiwe tukarudi mikono mitupu. Wamebaki saba tu, kwenye chupa. Swali lilikuwa moja, huyu ni spishi yake mwenyewe au ni yule yule wa bara aliyevuka maji? Mzee Sumari wa Poli, aliyenifundisha kazi hii tangu sijui hata kushika kibano, aliandika miaka ya themanini kwamba ni yule yule, na wote waliokuja baadaye wakamfuata.

Mama, si yule yule! Mzee alikuwa na wawili tu, na wote wawili mikia yao ilishakatika ikaota upya, na mkia ulioota upya huwa mfupi, kwa hiyo alipopima akapata vipimo vya mjusi wa bara. Mimi nikakuta wengine watano kwenye chupa iliyosahauliwa nyuma ya kabati, mikia mizima, mirefu zaidi ya mara mbili ya kiwiliwili, nikahesabu magamba ya tumbo, nikayarudia, nikalinganisha na mijusi sitini wa bara na hakuna hata mmoja aliyewakaribia, na majibu ya vinasaba yakaja yakasema hivyo hivyo. Nilipiga kigelegele mle stoo mpaka mlinzi akaja mbio. Jarida limekubali kuchapisha, linasubiri neno langu la mwisho Ijumaa ya wiki ijayo.

Shida ni kwamba mzee hajui. Nilimwambia tu, "Baba, kazi imekwisha, imekwenda vizuri sana," naye akaelewa anavyoelewa. Jumapili iliyofuata akaleta kanisani mkungu wa ndizi wa sadaka ya shukrani, akasimama mbele ya usharika mzima akasema, "Namshukuru Mungu, huyu binti yangu Brenda ameipima upya kazi yangu ya ujanani, na imesimama." Watu wakapiga makofi. Baada ya ibada mkungu ukapigwa mnada pale nje, na mimi, kwa aibu, kwa kutojua niuweke wapi uso wangu, nikanyoosha mkono, nikanyoosha tena, nikaushinda, nikabebeshwa mbele ya watu wote huku mzee akinishika bega. Njiani Loserian akaniambia, "Wewe Brenda, hizo ndizi umezinunua pamoja na maneno yake."

Tangu siku hiyo nawaza, kwa nini nisiandike tu kwamba ni nususpishi, yaani tawi la yule wa bara, ili neno la mzee lisimame nusu na langu nusu? Au nimpe mjusi jina la mzee, apoe? Ana miaka themanini na moja, moyo unamsumbua, na ndiye aliyesimama na wazazi wangu siku ya kipaimara changu. Nifanyeje, Mama?

Brenda, Olmotonyi

*

Marahaba, Brenda, na hongera! Hongera tena! Nilipofika pale ulipopiga kigelegele na mimi nikapiga changu, wenzangu hapa ofisini wakadhani nimepata mjukuu. Haya, nimeshakupongeza, sasa nikugombeze.

Ulikosea siku ile ile uliyosema "imekwenda vizuri" ukanyamaza. Imekwendaje? Wewe unahesabu magamba ya mjusi moja moja, halafu neno la kumwambia mzee wako unalirusha juu juu? Kisha mkungu! Nani alikutuma unyooshe mkono? Nawajua watu wetu wa huku mlimani, na mimi ni mmoja wao, tunaona aibu kumwambia mtu ukweli nyumbani kwake, tunamwacha akausikie kwa majirani. Ukichapisha kabla hujamwambia, hapo ndipo moyo wake utaumia kweli.

Habari ya nususpishi iache kabisa. Umeniandikia mwenyewe kwamba kati ya wale sitini hakuna hata mmoja aliyewakaribia, sasa nusu inatoka wapi? Na ukisema ni tawi, msomaji ataelewa kwamba shina lipo, limejaa tele huko bara, na kisiwani hakuna kilichopotea. Atafunga kitabu akanywe chai. Na jina la mzee, kumpa kwa heshima ni vizuri sana, lakini kumpa ili apoe ni hongo, na yeye si mtoto wa kutulizwa na peremende. Mwambie ukweli kwanza, jina mtaliongea baadaye.

Jumamosi hii nenda Poli asubuhi, peke yako, usimtume mke wake wala mchungaji akusemee. Beba chupa mbili, ile yake na ile uliyoikuta nyuma ya kabati, na lenzi. Mwamkie. Ukikaribishwa bakuli la loshoro, mahindi yale ya maziwa ya mgando, kula uimalize. Halafu weka chupa mezani useme, "Baba, naomba uniangalizie hii mikia." Mpe lenzi, ufunge mdomo. Huyo ndiye aliyekufundisha kuangalia, ataona mwenyewe. Akinuna, mwache anune, usikimbilie kumbembeleza. Akishatulia mwambie kwamba angekuwa na chupa ya pili wakati ule, angeandika kama wewe, maana huo nao ni ukweli. Kisha mwombe ruhusa usimame Jumapili, kanisani pale pale, useme kwamba kazi ya mzee imesahihishwa na mwanafunzi aliyemfundisha kwa mikono yake. Sijaona bado mwalimu wa kukataa makofi kama hayo.

Je, akikataa? Tuma hivyo hivyo. Mzee Sumari ana familia, ana usharika, ana mdomo wa kujitetea. Wale saba hawana mtu mwingine duniani. Waliishi kisiwani kwao, wakaisha wote, na mpaka leo hakuna karatasi inayosema kwamba waliwahi kuwepo. Ijumaa, binti yangu, waandikie: spishi kamili.