Mpira wa Hhando kwenye mchuzi wa posa

Laurencia, natoka kwa kina Blandina!

Wazee wa Endamarariek wamekuja kumposa, kawapikia mbuzi. Kumbe kaka yake Hhando, yule msomi wa kemia, kauweka mpira wake aliotengeneza maabara juu ya jiko, darini wanapokaushia mbegu!

Ule unaojiunga wenyewe ukiukata. Eti vifungo vyake vya haidrojeni, vinavyoshika chembe zake pamoja, ni hafifu, vikipata joto vinaachiana na kushikana upya, mpira unatiririka polepole kama asali. Ukadondokea sufuriani!

Mzee Vedasto, baba wa mchumba, ANATAFUNA. Anatafuna tu. “Binti, nyama hii haiishi?”

Akautema. Blandina kainamisha kichwa, anasubiri kaka yake aombe radhi.

Hhando akauokota na mate ya mzee, akauvuta kuona kama umejiunga, akatoa kalamu: “Mzee, umeutafuna dakika ngapi?”