Diski Mbili za LUKAFU

Mama yangu mupenzi,

Unisamehe, nimekawia sana kukuandikia. Nilingoja nipate habari muzuri kwanza, haikuja. Magoti yako inaendelea aje? Siye huku Katuba tuko. Mutoto ameanza kusimama. Anashikilia kiti, anaangalia ku mulango kama baba yake anaingia, kisha anakaa chini.

Mama, tangu kifo na kilio ya bwana yangu, mulamu wangu, ndugu yake mukubwa, anasema mahari haikufika kwenu Lukafu, basi miye si bibi ya ndugu yake, niondoke, mutoto abakie kwao. Nikamwambia, "Yaya, filamu ya siku ya mahari iko ku studio kwenye ninatumika kazi. Utasikia papa anasema amepokea." Akacheka: "Leta ile sinema yako."

Patron wetu, mwenye studio, anapatia kila diski jina ya fasi alipiga picha. Lukafu alifika mara mbili: kwa mahari yetu, na kwa ndoa ya bantu bengine. Diski mbili, zote LUKAFU. Mashini, ordinateur ya ku studio, haikubali majina mbili sawa: yenye kuingia kwanza inaitwa LUKAFU, ya pili inaiita LUKAFU 1. Ile 1 haiandikwe mu diski, mashini inaigawa tu. Hakuna mwenye alijua. Patron akaagiza bafute LUKAFU 1, yenye saa ile ilikuwa ndoa ya bale bengine. Courant ya umeme ikakatika, mashini ikazimika, diski zikachomolewa. Kisha Trésor, mwenye kupanga mafilamu, akazirudisha mu mashini, yetu ikaingia ya pili.

Nikafungua LUKAFU, naona bibi-arusi simujue, anacheza.

"Trésor, mahari yangu iko wapi?"

"Iko mu ile ingine, dada."

"Ingine gani? Ile umefuta?"

Patron akapiga kelele: "Nilisema LUKAFU 1!"

"Ni ile njo nilifuta, patron."

Nikachomoa diski zote mbili, nikaingiza moja-moja. Moja ndoa ya bengine. Moja tupu. Hii tupu nimeifunga mu kitambaa, mutu asiingize filamu ingine ndani yake. Fundi wa mujini amejaribu: amepata picha kiloko, kidogo tu, bila sauti. Mulamu anataka sauti. Familia yabo itaikala kukata maneno ya mutoto siku ya mungu, dimanche yenye kuja.

Mutoto sitamutoa, Mama. Musinitafutie maneno ya kupatana.

Salamu kwa mujomba wangu, mwenye alipiga picha na telefone yake siku ile ya mahari, na kwa mudogo wangu anayekuchotea maji.

Ni miye binti yako, mwenye kukupenda.

Munitumie: kadi ya picha ya ile telefone ya mujomba, asiiweke mu telefone ingine. Unga kiloko. Na kadi ikikosa sauti ya papa, munitumie papa mwenyewe, aseme kwa kinywa yake. Na blanketi yake, nyumba yangu iko na baridi.