Nilisema Ni Mfumo

Jumatatu, 2 Juni
Vipindi vinne. Koo limekauka. Form Two bado wanachanganya ateri na vena, na mtihani ni wiki ijayo. Chai ya ofisini leo maziwa yamekatika, nimekunywa hivyo hivyo.

Wanasema majina ya Form Five yanatoka wiki hii. Mkuu wa shule ameshaniuliza mara tatu. Huyu baba anapenda ubao wake! Ule wa getini, unaoandikwa kila mwaka wangapi wameenda Form Five. Walioenda vyuo hawaandikwagi kabisa, utadhani wamekufa.

Mimi ndiye mwalimu wa ushauri wa taaluma. Maana yake ndiye mwenye simu nzuri na bando. Machaguo ya watoto yote yanapita kwenye kiganja changu. Nywila zao za mfumo wa machaguo ninazo kwenye daftari la bluu, kila mtoto ukurasa wake, maana wanasahauga.

Nimelifungua leo. Nikaona jina la Wegesa. Nikalifunga.

Ijumaa, 6 Juni
Yametoka. Mkuu amepiga vigelegele ofisini, mwanaume mzima.

Wegesa: PCB, mchepuo wa sayansi, shule ya bweni, Ruvuma, kusini kabisa mwa nchi. Sikushtuka. Niliandika mimi.

Acha niliweke hapa, maana sijamwambia mtu. Mwezi wa nne watoto waliomaliza Form Four walikuja kubadilisha machaguo kwa simu yangu. Wegesa alitoka Bweri asubuhi, akafika hapa Kiabakari na vumbi hadi kwenye kope. Kwao hasa ni upande wa Butiama, ila mama yake alipata kiharusi mwaka jana, wakahamia chumba kwa mjomba Bweri, pale Musoma, ili wawe karibu na hospitali. Akajaza mwenyewe: la kwanza uuguzi, chuo cha pale pale Musoma mjini. Nikamwambia, mwanangu, una divisheni wani, unaenda kuosha vidonda vya watu? Akacheka kwa adabu. Akasema ndiyo, Madam.

Siku mbili kabla dirisha la kubadilisha halijafungwa nikaingia kwa nywila yake. Nikatoa uuguzi. Nikaweka PCB juu. Nilijiambia atanishukuru akiwa daktari.

Sikumpigia simu. Ningempigia angekataa. Ndiyo maana sikumpigia.

Jumamosi, 7 Juni
Amepiga kwa simu ya mjomba. Ameuliza mbona amepangiwa Form Five.

Nikasema, ni mfumo, mwanangu. Mfumo ndio unapanga.

Akasema, labda maksi zangu hazikutosha uuguzi.

Nikasema labda.

Nilisema labda! Kwa mtoto mwenye wani. Nimefua nguo zote za ndani na za nje, hata mapazia, ili mikono isikae bure.

Jumanne, 10 Juni
Mkuu ameandika ubao mwenyewe kwa rangi nyeupe. Akaniita nisimame pembeni nipigwe picha. Nimetabasamu. Ninayo kwenye simu, nimeshindwa kuiangalia.

Nimejiuliza kwa nini nilifanya. Ukweli wenyewe si mzuri. Mimi nilipomaliza Form Four nilitaka hiyo PCB. Nikapangiwa chuo cha ualimu. Nililia wiki nzima, baba akasema shukuru Mungu una ajira. Miaka yote hii ofisini naitwaga Madam Diploma, kwa utani, na mimi nacheka nao. Vijana waliokuja juzi na digrii zao wananielekeza namna ya kuandaa somo.

Kwa hiyo nilimpeleka Wegesa kule nilikotaka kwenda mimi. Si kwa ajili yake. Shenzi kabisa.

Alhamisi, 12 Juni
Bunda, semina ya walimu wa ushauri. Walinipangia kuzungumza mada: namna ya kuwaandaa wanafunzi kwa vyuo na kazi. Mimi! Nilikuwa nimeandaa mfano wa Wegesa tangu mwezi uliopita, majina hayajatoka bado, na sikuwa na mwingine. Nikausoma. Binti wa mkulima, mama mgonjwa, leo anaenda kusoma Fizikia, Kemia na Baiolojia. Wakapiga makofi. Mratibu akanipa cheti, kimeandikwa jina langu kwa wino wa dhahabu.

Baada ya chai akasimama mama mmoja mnene, mkufunzi wa chuo cha afya. Hakupamba maneno. Akasema, nyie walimu mnatuletea waliobaki. Mtoto mwenye akili akisema anataka uuguzi mnamcheka. Halafu mkilazwa mnataka nesi mwenye akili.

Ukumbi ulicheka. Mimi uso uliwaka moto mpaka masikioni. Nilikunja cheti nikakitia chini kabisa ya mkoba, chini ya khanga.

Njia nzima kurudi sikuufungua huo mkoba.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemkemea mtoto wa Form One kwa kudanganya kwamba amesahau daftari. Nimemkemea sana. Akalia.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeenda Bweri. Nilibeba mkungu wa ndizi, kama mtu anayeenda kupongeza. Na kweli wamenipokea hivyo. Mke wa mjomba akatandika kitambaa kwenye kiti. Mama Wegesa alikuwa kwenye mkeka sebuleni, mkono wa kushoto umejikunja kifuani. Alinishika mkono kwa ule wa kulia, akaung'ang'ania. Maneno yake hayajanyooka bado, lakini neno asante nililisikia vizuri sana.

Ukutani wamebandika karatasi za daftari. Wegesa amechora mikono. Mkono umekunjwa, mkono umenyooshwa, kidole kimoja kimoja, na pembeni namba: mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni. Nikauliza ni za nini, ingawa nilishaelewa. Akasema ni za mama mdogo, atakayebaki kumhudumia mama, ili nikienda Ruvuma asisahau. Jana mama mdogo alijaribu, akavuta kwa nguvu, mama akapiga kelele.

Halafu akakaa chini, akaanza kufungua vidole vya mama yake, taratibu, anahesabu kwa sauti ndogo.

Nilitaka kuaga. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilishika mkoba kabisa.

Nikasema. Sikupanga maneno. Si mfumo, Wegesa. Ni mimi. Niliingia kwa nywila yako nikatoa uuguzi. Maksi zako zilitosha na zikabaki.

Hakuacha kuhesabu. Kumi na moja, kumi na mbili. Alipofika ishirini akauweka mkono wa mama pajani, akaufunika na khanga. Ndipo akaniangalia. Akasema, Madam, mimi nilimwambia mama nimefeli uuguzi.

Basi. Hakulia. Angelia ingekuwa rahisi kwangu.

Mama yake alihangaika na mdomo muda mrefu. Mke wa mjomba akataka kumsaidia, akamkatalia kwa mkono. Akalitoa neno mwenyewe, vipande vipande: Mwalimu, si ungeuliza?

Nimerudi na bodaboda hadi stendi, sijaaga vizuri.

Jumatatu, 16 Juni
Nimemwambia mkuu. Alidhani natania. Halafu akafunga mlango. Amesema nimeweka shule nzima hatarini, niandike maelezo, na kwa nini nimefungua mdomo wakati mtoto amepata nafasi nzuri. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma, maana hata mimi nilikuwa nasema hivyo wiki nzima.

Nimeandika maelezo, kurasa mbili. Yatakwenda wilayani. Yakija na barua ya kunisimamisha, yaje.

Dirisha la mfumo halifunguki tena kwa ajili yake. Ila yule mkufunzi wa Bunda alituachia namba. Nimempigia, nikamweleza yote, bila kujificha kwenye "kuna mwalimu mmoja". Alinisema mpaka akachoka. Halafu akaniambia vyuo vinapokea maombi ya mtu mwenyewe moja kwa moja hadi mwisho wa mwezi, na mwenye wani asichelewe. Hakuahidi chochote.

Jumatano, 18 Juni
Nimewaita wanafunzi wa Form Four wa sasa. Nao nilikuwa nimeshaanza kuwafungulia kurasa kwenye daftari la bluu. Nimechana kila ukurasa nikampa mwenyewe. Wakashangaa. Mmoja akauliza, sasa Madam nikisahau? Nikamwambia utasahau ya kwako.

Ukurasa wa Wegesa nimeutia kwenye bahasha.

Jumamosi, 21 Juni
Bweri tena. Safari hii sikubeba ndizi. Kiti hakikuwekwa kitambaa, na ni sawa.

Nilimpa bahasha. Akaufungua ukurasa, akausoma, akautia jikoni kwenye mkaa. Nikampa simu. Nikamweleza pa kuingilia, halafu nikafunga mdomo. Imenigharimu kufunga mdomo. Mara mbili alikosea sehemu, mara mbili nilikalia mikono yangu. Akasoma kila mstari kwa sauti ili mama asikie. Jina. Shule. Kozi. Kwenye kozi akasimama, akamwangalia mama yake. Mama akatikisa kichwa kukubali. Akaandika.

Ikaja sehemu ya kutengeneza nywila. Akainuka kwenye mkeka na simu yangu, akasogea hadi mlangoni, akanigeuzia mgongo.

Na mimi nikageuka. Niliangalia kuku wa mjomba wakiparua uani hadi alipomaliza.

Akanirudishia simu kwa mikono miwili. Majibu ni mwezi ujao. Wakati naondoka alikuwa ameshakaa chini, ameanza kuhesabu.