Mama Alivyotazama Kikosi Chenu Kikizinduliwa

Kizwite,
S.L.P. 318,
Sumbawanga.
19 Februari 2017

Mpendwa mdogo wangu Precious,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi na matope. Hujambo lakini? Yale mafua yaliyokuandama tangu Krismasi yamekuachia? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mama goti linamsumbua asubuhi tu, likishapata jua anasahau kama ana goti.

Barua hii anakuletea Sista Victoria wa parokia ya jirani, anayekuja huko Marekani kusoma. Ningeweza kukuandikia kwenye simu, lakini mambo haya ukiyasoma vipande vipande hutayaelewa.

Mvua mwaka huu imetupendelea. Mahindi ya kule Malonje yamefika kifuani, na maharage tumeanza kula mabichi. Mke wangu Modesta amefungua duka la vitambaa sokoni, na maneno yake yote siku hizi ni vitenge.

Sasa nije kwenye lile unalolisubiri. Uliponiambia umehamishiwa kikosi kipya cha jeshi la majini la huko, kile cha kufundishia hiyo ndege mpya ya kivita inayojificha kwenye rada, na kwamba wanakutaka uwe mkufunzi wa mafundi, nilimweleza mama siku hiyohiyo. Nikamwambia pia kuwa hutaikubali nafasi hiyo bila baraka zake. Alinyamaza. Najua hata wewe alikunyamazia kwenye simu. Haikuwa hasira, mdogo wangu. Kanisani mtu alikuwa amemwambia kwamba wenye ndege za namna hiyo ndio wanaotangulizwa vitani, tena wakianguka hata kaburi hawapati. Tangu hapo chakula kikawa hakimpiti.

Katikati ya hayo akafika baba mkubwa Ambwene kutoka Tukuyu. Hakumaliza hata chai. "Mpigie mwanao arudi nyumbani," akamwambia mama. "Ukimwamuru wewe, atarudi." Mama hakubisha. Hapo ndipo nilipoogopa, maana sote tunajua kwamba mama akisema rudi, utarudi.

Siku ya uzinduzi nilifungua ile linki uliyotutumia, nikaweka kompyuta juu ya stuli sebuleni. Kwenu asubuhi, kwetu jioni. Mama akasema yeye hatazami, akabaki jikoni akimenya maharage. Baba mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa anapinga, alikaa kiti cha mbele kabisa!

Kamanda wenu alipoanza kuhutubia, nikawa natafsiri kwa sauti ili jikoni nako kusikike. Mara kamera ikapita kwenye mistari ya askari, watoto wakapiga kelele, "Shangazi! Shangazi yule!" Mama akatokea mlangoni, maganda ya maharage bado mkononi.

Baba mkubwa akatikisa kichwa. "Hebu mwone. Mtoto wa kike kasimama na watu wa vita. Hapo mlezi alikosea."

Mama akamgeukia. "Shemeji, mlezi ni mimi. Wa kumgombeza Precious ni mimi niliyemzaa. Wewe tazama."

Baba mkubwa akageukia kompyuta. Mama akaniuliza, "Huyo mkubwa wao anasema nini?"

"Anasema kikosi hiki kazi yake si kwenda vitani, ni kufundisha. Marubani watakuja kujifunza kuirusha ndege na kuitua juu ya meli, na mafundi watajifunza kuitunza."

"Kwa hiyo ni shule?"

"Ni shule, mama."

"Na Precious ni mwalimu?"

"Wanamtaka awe mwalimu wa mafundi. Ndege hairuki mpaka fundi aseme iko salama."

Akavuta kiti akakaa. "Sasa mbona mlikuwa mnanitajia rada, rada? Mngeniambia shule." Mama, mwalimu wa darasa la kwanza aliyezeekea Namanyere, neno shule alikuwa analijua kuliko sisi sote. Mlipopiga saluti alipiga vigelegele mpaka jirani yetu mama Kristiana akaja kuuliza nani anaolewa.

Kesho yake, kwenye chai, baba mkubwa akaniuliza taratibu, "Kweli hiyo ndege haionekani?" Nikamwambia kuwa kwa macho inaonekana, ni rada ndiyo inayopata taabu kuiona. Akafikiri. "Basi Tukuyu ingeonekana tu, rada hatuna," akasema, akaongeza sukari. Ameondoka bila kinyongo. Anachotaka sasa ni uje likizo akuone.

Sitakuficha: kile ambacho ndege hiyo imetengenezewa, mama bado hakipendi, na amesema hatakipenda. Lakini anakula, na jana nilimsikia sokoni akimwambia mteja wa Modesta kwamba binti yake anafundisha jeshini.

Modesta na watoto wanakusalimu. Mama Kristiana anakusalimu. Kaka Jafeti wa Kipili naye anakusalimu, anasema samaki, ile migebuka ya ziwani, ipo ya kutosha, njoo tu.

Baraka za barua hii si zangu. Mama amekaa hapa pembeni na anataka niandike kama anavyosema: "Mwanangu, nimekubariki. Kubali kazi. Aliye mzito wa kuelewa usimcheke, mrudie polepole. Na kabla hujamruhusu mtoto wa mwenzio kupanda juu, kagua. Ukishakagua, kagua tena. Huyo naye ana mama."

Ni mimi kaka yako nikupendaye sana,

Lugano