Kuhusu Sala za Mstarini

Nyumba za Walimu,
Wilaya ya Itilima,
Mkoa wa Simiyu.

Ijumaa, 8 Novemba 2024

Mpendwa Mjomba Januarius,

Shikamoo Mjomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile jicho lililopasuliwa Septemba limeacha kutoa machozi. Anyes ameniambia daktari alikukataza kuinama na wewe umeendelea kupalilia migomba. Tafadhali msikilize daktari hata kama ni mdogo kwako. Sisi huku tu wazima. Mke wangu Yusta anaendelea na kazi yake pale zahanati, watoto wana mafua tu. Mvua imenyesha mara mbili, watu wameshapanda pamba, na sasa kila mmoja anatazama juu.

Barua hii nitaipiga picha nimtumie Anyes akusomee leo jioni, na karatasi yenyewe itafuata kwa basi. Anyes dada yangu, soma polepole, usiruke mstari, na ukifika pabaya usimtazame usoni.

Jumapili ulinikatia simu, Mjomba. Najua si kidole kilichoteleza, maana nilipiga tena mara tatu na hukupokea. Wewe ndiwe uliyenilea mama alipofariki, ukanifundisha ishara ya msalaba kabla sijajua kufunga vifungo vya shati. Kuambiwa na wewe kwamba shule isiyo na sala ni zizi, na kwamba mkuu wa zizi hilo ni mimi, kulinikata maini. Nimeona bora niandike ili nimalize maneno yangu.

Uliambiwa nimepiga marufuku sala shuleni. Si kweli. Wakatoliki wana kipindi chao cha dini kila Ijumaa, Waislamu wana chao, walokole wanakutana darasani baada ya masomo na funguo nimewapa mimi mwenyewe. Jumapili mimi niko kanisani, benchi la tatu. Nilichoondoa ni sala ya mstarini, ile ya saa moja na nusu asubuhi, ambapo watoto mia nne wamepangwa, mwalimu wa zamu ana fimbo, na asiyefumba macho anaandikwa jina. Mjomba, hebu niambie wewe uliyekuwa katekista miaka thelathini na moja, sala ya namna hiyo inafika wapi?

Nianzie nyuma kidogo uelewe. Nilipohamishiwa hapa mwaka juzi nilikuta sala ya mstarini ni ya Kikristo siku zote tano. Mwalimu Nassib, anayefundisha Baiolojia na kuwasimamia wanafunzi wa Kiislamu, akalalamika kwa adabu, nikaona ana haki. Nikapanga ratiba: Alhamisi Waislamu, siku zilizobaki Wakristo. Nikajiona mfalme Sulemani. Kwenye kikao cha wazazi akasimama Mzee Bujiku. Huyu ni mfugaji, hana kanisa wala msikiti, kwake wanaheshimu masamva, yaani wazee wao waliotangulia, kama kaya nyingi za Kisukuma huku vijijini. Akauliza, "Mwalimu, na sisi umetupangia lini?" Kikao kizima kikacheka. Na mimi nilicheka, tena nimeshika kipaza sauti. Mzee hakucheka. Alikaa chini akaivuta kofia yake mpaka machoni.

Basi, Jumatano ya tarehe 16 Oktoba tulifanya maombi ya kidato cha nne, yale ya kuwaombea watahiniwa kama zinavyofanya shule nyingi. Nilimwalika Mchungaji Shigela kutoka Migato. Ni mtu mwema, sitaki umfikirie vibaya, alikuja hata na soda za watoto. Katikati ya maombi akatangaza kwamba wenye vitu vya kuzimu mwilini wavitoe, kwa sababu vinafunga akili na mtu hawezi kufaulu. Watoto saba wakaletwa ofisini kwangu. Sita walivua wenyewe. Wa saba ni Shida, mjukuu wa Mzee Bujiku, binti ambaye hakuna aliyewahi kumpita Hisabati tangu kidato cha pili. Mkononi alikuwa na uzi mweusi wenye ushanga mmoja mweupe, alifungwa akiwa mchanga siku aliyopewa jina la bibi yake. Alikataa kuuvua. Uzi ukakatwa kwa mkasi.

Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa. Leo ni wiki ya nne. Mtihani wa taifa unaanza Jumatatu hii saa mbili asubuhi, na asipokuwepo kwenye kiti chake hakuna wa kumkalia. Kwao ataolewa kabla pamba haijachanua, wachumba wenye ng'ombe wameshaanza kuuliza.

Wiki ileile niliondoa sala zote mstarini, za Wakristo na za Waislamu. Nikasema mtoto yeyote akisimama pale asimame kama mwanafunzi, mambo ya imani yana saa zake na walimu wake. Haya, mzinga wa nyuki ukapigwa jiwe! Mwalimu Damas, msimamizi wa nidhamu, ambaye tumesali naye jumuiya moja, aliniambia nimewauza Wakristo. Nassib akasema siku moja tu waliyokuwa nayo nimeichukua. Angalau kwa hasira wamekuwa sawa. Mchungaji Shigela amehubiri Jumapili mbili mfululizo juu ya viongozi wanaompiga vita Yesu. Sokoni wananiita Frimasoni. Frimasoni gani, Mjomba, anayesukuma pikipiki mbovu kutoka Migato na jua la saa saba? Afisa elimu naye anataka maelezo kwa maandishi. Kinamama wa jumuiya hawampitii tena Yusta wakienda kusali, na hilo limemuuma kuliko yote.

Damas siku moja alinibana kweli. Alisema, "Basi ondoa na wimbo wa taifa, maana nao unamtaja Mungu." Nilimkabidhi daftari la zamu nikamwambia kengele imegongwa. Mpaka leo sijamjibu. Na nikiri kwako jambo jingine: asubuhi ya kwanza bila wimbo wa dini, kile kimya kiliniumiza. Matangazo yakasomwa, watoto wakatawanyika, nami nikabaki pale mlingotini nimepungukiwa kitu.

Lakini Mjomba, ninashikilia msimamo wangu, na sehemu kubwa nimeutoa kwako. Unamkumbuka Mzee Kinunda? Wanawe walimleta kubatizwa wamemshika mikono huku na huku, na wewe ukamrudisha nyumbani. Ulisema imani haiswagwi kama mbuzi. Nilikuwa na miaka tisa, nimebeba ndoo ya maji, nilikusikia vizuri kabisa. Paroko alikugombeza na hukurudi nyuma. Mimi sasa nina watoto mia nne walioshikwa mikono.

Na ile shule si yetu Wakristo. Mawe ya msingi wa madarasa yale mawili ya mwanzo yalisombwa na maksai wa Mzee Bujiku mwenyewe, bure, kabla mimi sijajua Itilima iko upande gani. Serikali ilisema tangu tukiwa wadogo kwamba yenyewe haina dini, wenye dini ni watu. Tulikuwa tunaitikia tu. Fikiria mwanangu angepelekwa kusoma mahali ambapo sisi ni wachache, asimamishwe kila asubuhi aitikie asichokijua, halafu mwalimu amvue rozari shingoni. Mimi ningefika pale kabla ya kengele, na wewe ungekuja na bakora yako kutoka Mbinga. Mkuki kwa nguruwe.

Unasema watoto wasioomba pamoja watakosa hofu ya Mungu. Labda. Mimi nimeona wakikua na hofu ya Damas, hiyo ya Mungu sijui kama ilikuwa inapata nafasi.

Sasa Mjomba nifike pale ninapopazunguka tangu mwanzo wa barua. Anyes, ni hapa.

Aliyeukata ule uzi ni mimi. Watu wote wanasema ni Mchungaji Shigela, na mchungaji mwenyewe alikuwa nje na wale watahiniwa wengine, hakuona. Ofisini, wale sita walipokwisha kutoka, tulikuwa watatu, mimi, Damas na yule binti. Damas alimshika mkono. Mimi nilichukua mkasi wa kukatia bahasha, nikamwambia "ni kwa faida yako," nikakata. Hakulia. Aliokota ule ushanga chini ya meza akatoka. Kisha kijiji kikaanza kumlaumu mchungaji, nami nikanyamaza, kwa sababu ilinifaa. Wiki zote hizi nimesimama mbele ya wazazi nikitetea haki ya kila mtoto na dini yake, na mkasi uko kwenye droo yangu. Hii ndiyo sababu wakinishambulia ninajibu kwa sauti kubwa kupita kiasi. Naona aibu, Mjomba.

Mficha uchi hazai. Jana nilikwenda kwa Mzee Bujiku. Alinikaribisha vizuri kwa salamu ya Kisukuma, "Mwadila, mwalimu," nikapewa kigoda na kibuyu cha maziwa ya mgando. Nilianza kumweleza kwamba sasa sala zimeondolewa, binti arudi, shule haina tena upande. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwalimu, mimi na huyo Yesu wenu hatujagombana hata siku moja. Mimi nataka kujua nani amekata."

Nikamwambia ni mimi.

Akatikisa kichwa taratibu. "Shida alishanieleza siku ileile. Nilikuwa nangoja useme, bhabha. Ungesema ni mchungaji, ungeondoka na maziwa yako tumboni na mtoto angebaki hapa."

Kisha akanipa sharti lake. Jumapili saa sita mchana nifike, ndugu wote watakuwepo. Watanyunyiza unga wa uwele na maji, watawaita wazee wao kwa majina, na mimi nitafunga uzi mpya kwenye mkono wa Shida kwa mikono yangu. Nikifunga, Jumatatu binti anakuja. Nisipofunga, haji. Nilimwomba achague mtu mwingine afunge, mimi nisimame tu pembeni. Akasema, "Kwani alikata mtu mwingine?"

Nilipokuwa nawasha pikipiki Shida alitoka jikoni, mikono ina majivu, akanisalimia kwa heshima zote. Akauliza, "Mwalimu, namba yangu ya mtihani bado ipo?" Nikamwambia ipo.

Unaona nilivyobanwa, Mjomba. Nikifunga ule uzi, Damas na mchungaji watasema: si tuliwaambia, amemwondoa Yesu ili aingize mizimu. Afisa elimu ataniuliza mkuu wa shule ya serikali alikuwa anafanya nini kwenye matambiko, na swali lake litakuwa la haki, maana ni mimi ninayesema serikali isiingize mkono huko. Na katekisimu uliyonifundisha ninaijua, amri ya kwanza haina mlango wa nyuma. Naogopa. Naogopa dhambi, naogopa kazi, na zaidi ya vyote naogopa wewe usije ukasema huna mpwa huku Simiyu.

Nilimweleza Yusta. Alikuwa anakoboa mahindi, hata hakuinua kichwa. "Ulikata ukiwa mkuu wa shule," alisema, "kafunge ukiwa Erasmus."

Basi ndivyo nitakavyofanya. Nitatoka misa ya kwanza, nitarudi nyumbani kuvua shati la kanisani, na nitakwenda kwa miguu, pikipiki ya shule nitaiacha. Sitaitikia majina yao na sitamwomba mtu aliyekufa chochote, nimeshamwambia mzee, naye amesema hilo ni langu na Mungu wangu. Nitafunga uzi niliokata, nitaomba radhi mbele ya ndugu zake, nitarudi. Jumatatu kabla ya mtihani nitawaambia walimu wote nani alishika mkasi, ili mchungaji awekwe huru. Wakinihamisha, wanihamishe. Sijui kama kuna mtu atakayeuona mpaka ninaojaribu kuuchora kati ya Erasmus na mkuu wa shule. Hata mimi kuna saa siuoni.

Sikuombi ruhusa, Mjomba. Nimetaka usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu.

Nisalimie Shangazi na umwambie kahawa aliyotutumia tuliimaliza kwa wiki moja. Nisalimie watoto wa Anyes wote, na yule jirani yako mwenye redio. Yusta anakusalimu kwa heshima, anasema usimwache Anyes akuwekee dawa ya jicho bila kunawa mikono. Mungu wa marehemu mama yangu akutunze, akulainishie magoti, akupe mvua ya kutosha na isiyobomoa matuta.

Nina ombi moja tu. Najua Jumapili utapiga magoti hata kama umenikasirikia, na najua utamtaja yule binti, maana moyo wako nauelewa. Usimwombee aongoke, Mjomba. Mwombee afike.

Ni mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye,

Erasmus