Nyumba Yetu, Jina la Shemeki

Jumatatu, 2/6

Liste ya majina imebandikwa kwa ukuta wa biro ya kartie, ofisi ya mutaa wetu. Nimeisoma na mutoto wangu Elysée mugongoni, kidole juu ya kila jina. Nyumba zote za avenyu yetu zitavunjwa — bandari inapanuliwa. Kila mwenye nyumba atapewa parseli, kiwanja cha kujenga, huko juu, upande wa Katanika. Namba ya nyumba yetu ipo. Jina ni la Omer, mudogo wa marehemu bwana yangu Pascal. Langu hakuna.

Kosa ni langu mimi mwenyewe. Siku walipopita kuandika, karani aliuliza mwenye nyumba ni nani. Omer alikuwa ameketi pale, amekuja kusalimia watoto. Nikamuambia karani: muulize shemeki. Heshima tu. Kwa ukoo wa Pascal mujane hasemi "nyumba yangu" mbele ya ndugu ya bwana. Nilidhani ni adabu ya kupokea mugeni. Kumbe karani anaandika jina lake.

Matofali haya tuliyachoma sisi wawili. Mimba ya Syntiche ilikuwa ya miezi saba, na mimi nachota maji ya udongo.

Jumatano, 4/6

Nimerudi biro. Karani, Papa Augustin, si muntu mubaya. Amesema jina linaweza kubadilishwa, lakini Omer aje aseme kwa kinywa chake. Mwisho Ijumaa, saa sita.

Jioni nimemupelekea Omer bugali na ndakala, samaki wadogo wa ziwa. Amekula vizuri. Amecheka: "Mama Syntiche, unaogopa nini? Parseli yangu ndiyo ya watoto wa kaka." Amesema Ijumaa atakuja. Sikumuuliza saa ngapi. Nilipaswa kumuuliza.

Ijumaa, 6/6

Hakuja. Nimekaa kwa benchi tangu saa mbili. Papa Augustin alinitazama mara mbili, halafu akaacha kunitazama. Ameniambia kitabu cha majina kinaenda kwa wakubwa Jumanne. Omer akija Jumatatu mbele ya saa sita, yeye karani atajaribu kubadilisha. Baadaye hapana.

Jumamosi, 7/6

Nimeenda kwa Omer. Muke wake amesema Omer amesafiri. Viatu vyake vilikuwa mulangoni.

Jirani, Mama Léonie, amenicheka. Eti heshima yangu imekula nyumba. Yeye alimuambia karani nyumba ni yake, na bwana yake yuko hai, amelala ndani anakoroma. Nimecheka pia. Halafu kicheko kikaisha.

Syntiche ameuliza kama huko juu kuna ziwa. Nimemuambia litaonekana kwa mbali. Sijui kama tutakuwa huko kuliona.

Jumatatu, 9/6

Mashini ya kuvunja iko nyumba ya nne kutoka kwetu. Vumbi mpaka ndani ya sufuria. Omer amekuja — na mukokoteni. Amepanda juu, ameng'oa mabati moja moja, ameyapanga chini. Eti mashini isiyaponde, atayatunza kwake.

Nimemuambia: shemeki, kwanza twende biro.

Amesema kesho.

Nimemuambia kesho hakuna kitabu. Ameinama kubeba bati la kwanza. Mimi nimekaa juu ya bati hilo, Elysée ananyonya, naandika juu ya goti. Syntiche amekuja kukaa kando yangu bila kuitwa. Watu wa avenyu wamesimama wanatazama. Omer anasema kwa sauti ya chini: simama, Mama Syntiche, unatutia haya. Nimemujibu njia ya biro anaijua.

Ni saa nne na nusu, na mwisho ni saa sita. Amewasha sigara. Bado hajaondoka.